Shuka Saba, Ukuta wa Mashariki

Kwa jina la Mola aliyemfundisha mja majina ya vitu kabla ya kumfundisha jambo jingine, kwa kuwa alijua iko siku neno moja litasikika visivyo na watu watalilipia kosa hilo. Sifa njema ni Zake, na rehema zimshukie Mtume Wake, na aali zake na sahaba zake, na kila aliyelala mahali pasipojulikana na yeyote ila Yeye. Ama baada ya hayo.

Watu wa kisa hiki ni wanne. Wa kwanza ni mzee wa miaka sabini na miwili, aliyekuwa mpiga redio vitani. Askari wenzake walimbandika jina la Mawimbi, na jina likamganda hata msikitini. Wa pili ni mpwa wake, binti wa dada yake, fundi cherehani, aliyezaliwa miezi minne baada ya baba yake kuvuka mpaka na jeshi asirudi. Wa tatu ni mhandisi mwanamke, msimamizi wa ujenzi katika hospitali kuu ya mji wa ng'ambo ya mpaka, kulikopiganwa vita. Wa nne ni mlinzi wa lango la hospitali hiyo, mzee naye, ambaye vibarua humwita Babu Geti. Wengine ni saba, nao wamelala. Kwao ndiko habari inakokwenda.

Katika vita vile pande zote mbili zilisema lugha moja. Aliyekuwa na redio upande huu alimsikia wa upande ule kama jirani anavyosikia jirani yake akigomba. Ndiyo maana kikosi cha Mawimbi kilikuwa na maneno ya kuficha: risasi ziliitwa mbegu, adui aliitwa mgeni, na maiti aliitwa shuka, kwa kuwa walikuwa wamejibanza ndani ya hospitali hiyo, sanda hazikuwapo, na waliokufa walivishwa shuka za wodi.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa tangu wajibanze humo, kombora moja liliangukia uani likaondoka na watu saba. Miongoni mwao alikuwa Kinyozi, shemeji yake Mawimbi, mume wa dada yake, aliyekuwa akiwanyoa wenzake. Mawimbi na wawili wengine walichimba kwenye ukuta wa mashariki, kimo cha mtu mzima, wakawalaza wote safu moja, nyuso zikielekea upande mmoja. Watano walikuwa Waislamu, akawasalia. Wawili walikuwa Wakristo. Hakujua maneno ya dini yao, akawaombea kwa aliyoyajua na kumwachia Mola yaliyobaki. Kisha akarudi kwenye redio, mikono ikiwa na udongo, akasema: "Shuka saba, ukuta wa mashariki. Nimesikika?" Akarudia mara tatu. Jibu halikuja, ila mkwaruzo wa hewa.

Kumbe makao makuu walisikia. Lakini yule aliyejua maneno ya kuficha alikuwa ameangushwa na homa usiku wa kuamkia siku ile, na kwenye kiti chake alikalishwa karani mwenye mwandiko wa kupendeza na masikio ya kawaida. Karani akaandika, kwa mwandiko huo wa kupendeza, kwamba kikosi cha hospitali kinaomba shuka saba.

Siku ya tatu baada ya hapo lori lilipenya katikati ya risasi za kweli, likashusha shuka saba mpya, nyeupe, zimekunjwa kwa adabu, na karatasi juu yake: *Ombi limetimizwa.*

Vita vilipokwisha, majina yakaitwa. Watu saba hawakuitika, na taarifa ya vifo vyao haikuonekana popote. Wakaandikwa watoro. Mawimbi akaandika barua, akaandika tena, na kila alipoandika alijibiwa kwamba kumbukumbu zimepekuliwa na ombi lake la shuka lilishatimizwa. Barua ya saba alipoisoma alicheka peke yake chumbani mpaka mkewe akaja kumtazama. Mara mbili alisafiri hadi kwenye hospitali ile, na mara mbili alirudishwa langoni na walinzi wa wakati huo.

Zile shuka alizitia kwenye sanduku la bati. Mkewe, Mola amrehemu, aliwahi kuziomba siku walipofikiwa na wageni wengi. "Hizo zina wenyewe," akamwambia, na neno likaishia hapo. Dada yake Mawimbi alizeeka akiitwa mke wa mtoro. Binti yake alishona nguo za mtaa mzima, na wateja wale wale waliosifu mshono wake walisema, akigeuza kisogo, kwamba mkono ni wa mama, miguu ni ya baba.

Mpwa huyo ndiye aliyemletea simu siku moja baada ya swala ya alfajiri. "Mjomba, hebu tazama. Ukuta huu si ndio ule?"

Katika picha kulikuwa na ukuta mkongwe wa mawe, na mbele yake kijiko cha kuchimbia kimeinua shingo. Chini yake hospitali imetangaza kwamba ujenzi mpya umeanza. Mawimbi aliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. "Toa sanduku," akasema.

Walisafiri siku moja na nusu kwa basi, shuka zimefungwa kwenye furushi. Mpaka ambao yeye aliuvuka kwa tumbo, akitambaa, sasa ulikuwa ukumbi wenye kiyoyozi na mashine inayopiga picha macho ya mtu. Mji nao ulikuwa umebadilika kabisa. Palipokuwa na mahandaki pamesimama majengo ya vioo. Taa za barabarani zililia ti-ti-ti kuwaongoza vipofu. Na kisima walichokunywa askari kilikuwa kituo cha mafuta, mtu ananunua kahawa bila kushuka garini.

"Mji umependeza, Mjomba," alisema mpwa wake.

"Umependeza. Lakini mimi sikuja kuposa."

Walifika kwenye lango la hospitali saa tatu asubuhi. Mlinzi, mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alikuwa na kitabu cha wageni mezani na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Kibali, mzee mwenzangu."

"Sina."

"Mnakuja kumwona mgonjwa?"

"Wangu hawaumwi tena."

"Sasa niandike mmefuata nini? Kitabu hiki kinakaguliwa."

"Andika hivi," akasema Mawimbi. "Shuka saba, ukuta wa mashariki."

Kalamu ya Babu Geti ikasimama hewani. Aliutazama uso wa mgeni, akalitazama furushi alilobeba yule mwanamke, kisha akafungua lango bila kuandika chochote.

"Hakuandika," alinong'ona mpwa walipokwisha kupita.

"Nimeona."

Nyuma ya jengo la ghorofa saba, ukuta wa mashariki ulikuwa umesimama peke yake. Mbele yake mtaro wa msingi ulikuwa umechimbwa kimo cha kiuno, nondo zimekwisha kufungwa ndani, na vibarua wanasafisha mbao. Mhandisi aliwajia, kofia ngumu kichwani, buti zimejaa udongo, simu ikimlilia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Huku hakuruhusiwi, mtaumia."

"Marahaba, binti. Chini ya mtaro wako kuna watu saba. Niliwazika mimi."

Mhandisi alizima simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, asimkatishe hata mara moja; kisha akaenda kwenye kibanda cha mabati, akarudi na karatasi. "Mzee, sisi hatuchimbi ovyo mahali palipopiganwa. Tuliandika kwenu kuuliza. Hili ndilo jibu."

Mpwa aliipokea akaisoma kwa sauti. Barua ilisema hakuna askari aliyezikwa eneo hilo. Watu saba wanaotajwa mara kwa mara na mzee mmoja ni... Mawimbi akammalizia kwa ukavu: "Watoro. Lisome tu, mwanangu, neno hilo halijawahi kutuua."

Kisha akamgeukia mhandisi. "Na hili ni jengo gani?"

"La kufulia. Shuka za wodi zote zitafuliwa hapa. Mashine kumi na mbili."

Mawimbi alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya mbao. "Binti, umenichekesha, na sikuja kwa kucheka. Zege linamwagwa lini?"

"Leo saa nane."

"Basi tuna wakati wa kutosha wa kukaa."

Alivua viatu, akavipanga kama mtu anayeingia msikitini, akashuka mtaroni akipitisha mguu mmoja mmoja kati ya nondo. Mpwa wake alimfuata na furushi. Wakaketi chini, mzee akatoa tasbihi.

"Babu," akasema kibarua mmoja, "hapo hata kiti hakuna."

"Nimewahi kukaa pabaya kuliko hapa, na palikuwa hapa hapa."

Vibarua wakacheka, kisha wakaona mzee mwenyewe hacheki, wakarudi kwenye mbao zao.

Mhandisi alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali. Mawimbi alimjibu kila neno kwa heshima na hakusogea hata shubiri. Adhuhuri ilipoingia aliswali pale pale, ameketi. Saa nane kasorobo lori la zege likaingia kwa kurudi nyuma, tumbo lake likizunguka, na kivuli chake kikawafunika wote wawili.

"Mzee, zege halisubiri. Nina saa moja tu, baada ya hapo linagandia ndani ya lori."

"Mimi nimesubiri miaka arobaini na moja, na sijaganda."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waje na sepeto."

Uvumilivu ukamwisha mhandisi. "Mbona unanigombeza mimi? Barua imetoka kwenu. Wenu ndio waliowakana, si sisi."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Mawimbi aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua. "Kweli. Na hao nitawafikia. Leo ni zamu yako."

Mhandisi alichutama ukingoni, uso wake karibu na wa mzee. Alipunguza sauti. "Nisikilize basi. Nina karatasi inayosema hapana kitu, na nina neno lako. Nipe mtu mmoja mwingine. Asiwe ndugu yako wala askari mwenzako. Mmoja tu aseme anajua, nami nitasimamisha kazi kwa jina langu. Bila hivyo siwezi."

Mawimbi aliwapitia watu mmoja mmoja moyoni. Wawili waliochimba naye walikuwa wamekwisha kufa, mmoja kwa kifua, mmoja kwa uzee; na hata wangekuwa hai, walikuwa askari wenzake. Mpwa alimwona mjomba wake, kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifunguliwe, akitazama mikono yake kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Zege, mama," dereva alikumbusha kutoka garini.

"Ngoja kwanza."

Aliyesema hivyo alikuwa Babu Geti. Alikuwa ameliacha lango wazi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na alikuja akitembea polepole, kofia yake ya kazi mkononi.

"Wapo," akamwambia mhandisi. "Saba."

"Umejuaje?"

"Nilisikia. Mimi nilikuwa upande ule mwingine, mama. Kazi yangu ilikuwa kuvaa vyombo vya masikio na kusikiliza redio yao." Akaelekeza kidevu kwa Mawimbi. "Siku ile alisema: shuka saba, ukuta wa mashariki. Sisi tulikuwa tumejua siku nyingi kwamba shuka ni mtu. Nikamwambia mkubwa wangu, wamezika saba leo."

Mawimbi alisema, polepole, "Nyinyi mlijua."

"Tulijua. Ni nyinyi wenyewe ndio hamkujua."

"Unaikumbuka sauti yangu baada ya miaka yote hii?"

"Leo langoni niliisikia tena. Ulirudia mara tatu, mzee mwenzangu. Ya tatu ulikuwa unalia."

"Sikulia."

"Nilikuwa na vyombo masikioni."

"Yalikuwa mafua."

"Sawa," akasema Babu Geti. "Ya tatu ulikuwa na mafua."

Mhandisi alikuwa amesimama. "Babu, kwenye fomu yako ya kazi uliandika kwamba wakati wa vita ulikuwa unauza mkaa."

"Mkaa niliuza. Baada ya kusikiliza."

"Unajua hili litafika juu? Watauliza kwa nini ulificha."

"Lifike. Miaka kumi na minane nimelinda lango hili, na kila asubuhi nikipita kwenye ukuta huu nawasalimia kimoyomoyo. Nimechoka kuwasalimia kwa kujificha."

Mhandisi aliutazama ukuta, akalitazama lori, akamtazama dereva. "Peleka ukamwage kule kwenye njia ya langoni, ina mashimo," akasema. Halafu kwa vibarua: "Fungueni nondo hizo. Kijiko kisiguse hapa. Sururu na sepeto tu, na pole pole."

Walichimba. Mawimbi alikataa kutoka mtaroni mpaka wakamwekea ndoo iliyopinduliwa, akakaa akiwaelekeza: hatua kumi na mbili kutoka kona, sasa rudini moja, hapo. Palipofika kimo cha mtu, sepeto ya kibarua yule mcheshi ikakwangua kitu, akaiweka chini bila kuambiwa, akaendelea kwa vidole.

Walikuwa safu moja. Nyuzi za shuka zilikuwa zimebaki kwenye pindo tu, utepe mwembamba wa samawati uliokuwa alama ya wodi za zamani. Wote saba walielekea upande mmoja. Mhandisi alishuka, akatazama kwa muda mrefu. "Watu waliotupwa hawalali hivi," akasema. "Watoro hawalali hivi."

Karibu na wa tatu palikuwa na wembe wa kukunja, mpini wa pembe, bamba lake limekuwa kutu tupu. Mawimbi hakuugusa. Alimpisha mpwa wake.

"Huyu ni baba yako. Nilimwekea mwenyewe, nikijua iko siku atahitaji kutambulika. Alikuwa na mkono mwepesi, mtu analala huku ananyolewa. Kama wewe na sindano."

Mwanamke yule aliuchukua wembe, akaupangusa kwa ukingo wa khanga yake. "Shikamoo, baba," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwamkia.

Kisha ikaja karatasi, kwa kuwa kazi haisimami bila karatasi. Mhandisi aliileta na kalamu. Juu yake pameandikwa: *Ombi la kusimamisha ujenzi.*

"Sitii sahihi," akasema Mawimbi.

"Mzee, jamani. Tumefika huku."

"Ombi langu lilishatimizwa, ninazo barua saba zinazosema hivyo. Hili si ombi. Sikuwahi kuomba kitu, wakati ule wala leo. Hii ni taarifa. Ilitumwa siku ya kumi na tisa, ikasikika vibaya."

Mhandisi alimtazama, akaona hatabadilika. Akaichukua kalamu, akakata neno *Ombi* kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake *Taarifa*, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: *Watu saba, ukuta wa mashariki. Walizikwa na wenzao.* Akatia sahihi yake kwanza. Mawimbi akatia yake. Kalamu ikamfikia Babu Geti, naye akaandika jina lake kamili, lile ambalo vibarua hawakuwahi kulisikia, na mbele ya neno *Wadhifa* akaandika: msikilizaji.

Furushi likafunguliwa. Shuka saba zilikuwa bado nyeupe, zimepata umanjano kwenye mikunjo tu. Mpwa alizipima kwa mkono bila futi, akazichana kwa meno na vidole kama afanyavyo kila siku dukani, ila leo hakushona. Kila aliyelala alipata yake. Watano wangekwenda makaburini baada ya kuswaliwa. Kwa wale wawili mhandisi alikwisha kumpigia simu padri wa kanisa la jirani.

Mawimbi alimpigia dada yake. "Tandika jamvi barazani," akamwambia. "Fungua mlango wa mbele, si wa nyuma. Waje wakupe pole, wote, na waliokucheka watangulie."

"Viti vyangu havitoshi," akasema dada yake.

"Wakae chini. Mimi leo nimekaa chini."

Jua lilipoelemea magharibi, Mawimbi alisimama ukingoni na kuwatazama saba waliovishwa upya. Kiu yake ilikuwa moja, na aliona haya kuisema; lakini mtu aliyekaa mbele ya zege hana tena cha kuonea haya. Akasema kwa sauti ile ya zamani, neno kwa neno, kila neno na nafasi yake: "Shuka saba, ukuta wa mashariki. Nimesikika?"

Babu Geti alikuwa nyuma yake. "Siku ile nilikatazwa kujibu," akasema. "Uliuliza mara tatu, na mara zote tatu kidole changu kilikuwa juu ya kitufe."

Akavaa kofia yake ya kazi, akasimama wima.

"Umesikika," akasema. "Imepokelewa."

Ewe Mola usiyehitaji karani wala mwandiko, uliyeisikia taarifa ile siku ile ile, wape waliolala nuru katika malazi yao. Na waliobaki uwatazame: mama anayetandika jamvi lake baada ya miaka arobaini na moja, binti aliyemwamkia baba yake, mhandisi aliyetia sahihi kwanza, mlinzi aliyeliacha lango wazi na hajui kesho ataamkia kazi gani. Wape kinywa kisichoogopa na sikio lisilokosea, na usimjaalie yeyote kati yao kutuma neno la kweli akakosa wa kulipokea. Amin.